Gramu Sabini za Bukari

Nitatenganisha kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa maana hapa Kolwezi maneno huchanganywa kama mawe ya mashimo tofauti ndani ya gunia moja, na mnunuzi hurudi nyumbani akidhani amenunua kitu kimoja.

Niliyoyaona ni haya: kwa muda wa miezi mitano nilimpimia mke wangu chakula chake cha asubuhi kwa mizani, na nilikuwa mbele yake kila alipokila. Niliyoyasikia ni jinsi alivyofariki. Sikuwepo; asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kutafuta makaa. Nilisimuliwa na watu watatu, na watatu hao hawakubaliani hata juu ya mahali alipokutwa. Mmoja alisema jikoni, wa pili akasema uani. Wa tatu, ambaye najua kwa hakika kwamba saa ile hakuwa mtaani, alisema kitandani, tena akiwa anatabasamu. Karatasi ya daktari inasema ni moyo. Karatasi niliisoma mwenyewe. Zaidi ya hiyo sina ninaloweza kulishuhudia, kwa hiyo sitaliandika.

Nilifanya kazi miaka thelathini na miwili katika maabara ya machimbo. Kazi yetu ilikuwa kujua katika jiwe mna shaba kiasi gani. Mawe yalitufikia yakiwa na umande, na wakati wa mvua yakiwa na tope. Tuliyasaga, tukayatia katika tanuri hadi yakauke kabisa, ndipo tukayapima. Aliyepima kabla ya kukausha nilimwondoa mezani siku hiyo bila majadiliano, kwa sababu alikuwa anapima maji na kuyaita shaba. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili.

Mke wangu alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, na alipenda kula. Silisemi kwa kumcheka. Alikula kwa makini, kama anavyosali mtu mwenye imani. Asubuhi yake, tangu tulipooana miaka thelathini na minane iliyopita, ilikuwa ni bukari iliyobaki jana, ile ambayo wengine huiita ugali, akiikata vipande na kuvichoma juu ya mbabula, jiko letu la makaa, hadi vikawa na ganda la rangi ya kahawia. Alivila na kapenta, wale samaki wadogo waliokaushwa, pamoja na nyanya. Ilikuwa inasikika anapotafuna. Mimi nilikuwa nasoma, na mlio ule ulinijulisha kwamba siku imeanza.

Kisha sukari ikapanda katika damu yake, magoti yakakataa kumbeba, na daktari akasema moyo unafanya kazi ya mioyo miwili. Alitutuma kwa muuguzi wa lishe, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Huyo aliniita tata, yaani baba, akatueleza kwamba mwili wa mama sasa utapewa kalori elfu moja na mia nne kwa siku, wala si zaidi.

"Ni kama poso ya zamani ya kampuni," alisema, akimaanisha posho ya chakula ya wafanyakazi. "Ukiimaliza yote asubuhi, mangaribi utalala na mayi, maji matupu. Lakini asubuhi mama ashibe, tata. Asiposhiba asubuhi, mchana atahangaika. Mia nne za asubuhi zinatosha kabisa."

Alinipa karatasi yenye orodha ya vyakula na kalori za kila kimoja. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni sokoni, nikaijaribu kwa jiwe la kupimia la shaba nyeupe nililobaki nalo tangu maabara. Haikukosea hata gramu moja. Nataka hilo lijulikane: mizani haikuwa na kosa.

Nilifanya hesabu jioni ile ile. Mahindi, gramu mia moja, kalori mia tatu na sitini. Basi gramu sabini zingekuwa mia mbili hamsini na mbili. Yai moja la kuchemsha, kapenta za kushika kwa vidole vitatu, nyanya, kipande cha parachichi: jumla ikawa mia nne. Asubuhi nilikata bukari, nikaiweka juu ya mizani, nikapunguza, nikapunguza tena, hadi ikasoma sabini. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa sabuni iliyokwisha kutumiwa nusu.

Mke wangu alitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Tata, hii ni ya kuonja?"

"Ni kifungua kinywa chako," nilimwambia.

"Kinywa imefunguka, ni kweli. Sasa lete chakula."

Alicheka, nami nilikaribia kucheka. Alikila. Kilikwisha kabla sijafungua kitabu.

Katika juma la pili alinena neno ambalo nalikumbuka kwa herufi zake zote, na hili si uvumi, maana niliambiwa mimi, uso kwa uso. Nilikuwa nimeinama juu ya mizani. Alisema:

"Tata, weye unapima bukari. Bukari si unga. Bukari imekunywa mayi."

"Mizani haidanganyi," nilijibu.

"Mi sisemi mizani inadanganya."

Akanywa chai yake isiyo na sukari. Nilidhani ni ujanja wa mgonjwa anayetafuta kuongezewa. Mchele niliupima vivyo hivyo mchana, ukiwa wali. Na maharagwe jioni, yakiwa yameiva.

Kwenye kona yetu, pale malori ya mawe yanapopunguza mwendo, kuna jirani anayekaanga vitumbua tangu alfajiri. Ni yeye aliyenipa jina la Tata Mizani.

"Tata Mizani!" aliita kila nilipopita. "Leo pumzi ya mama ni gramu ngapi?"

"Kaanga vitumbua vyako, mama."

"Nitakupa kimoja ukipime. Kama ni kizito, usikile, kitakuua!"

Wateja wake walicheka. Hilo sikulijali. Lakini nilianza kusikia kwamba mke wangu, ninapokwenda kwenye misa ya asubuhi, hukaa pale kando ya karai na kula vitumbua kumi. Wengine walisema kumi na viwili. Mtu anapoongeza idadi bila kuwa na sababu, mimi huacha kumsikiliza. Hata hivyo nilikwenda kuhakikisha. Nilisimama nyuma ya lori lililoharibika gurudumu, nikamwona waziwazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na karai. Jirani alimpa kitumbua cha moto ndani ya karatasi. Mke wangu alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakitia katika mfuko wa mteja aliyekuwa anangoja.

Hakula. Niliona. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na furaha hiyo naikiri hapa kwa kuwa ilikuwa yangu.

Jioni nilimwambia: "Watu wanasema unakula kule konani. Najua huli. Nimekuona."

"Ulinifuata?"

"Nilihakikisha."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Alinishika mkono, akauweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa linanguruma chini ya kiganja changu.

"Unasikia?" aliniuliza. "Na hii nayo ni maneno ya batu?"

Nilitoa mkono. Nilimwambia ni mwili unazoea.

Uzito wake ulishuka. Mwezi wa kwanza kilo tatu, wa pili kilo nne. Niliandika kila Jumapili katika daftari lenye mistari, kwa wino, kama nilivyoandika kazini. Magoti yalipata nafuu; alifika kanisani bila kupumzika njiani. Ila aliacha kuimba na akina mama wa kwaya, akawa anaketi benchi la nyuma, na nyumbani alikuwa anakaa tu mlangoni na mikono mapajani, akitazama vumbi la malori. Kilo niliziandika. Kukaa kule sikukuandika, kwa kuwa sikujua kungepimwa kwa kipimo gani.

Baada ya miezi mitano, siku ya Jumatano, nilichukua daftari langu nikaenda peke yangu kwa muuguzi. Nilikwenda kusifiwa. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akarudi kwenye wa kwanza.

"Tata, mama ameshuka haraka sana."

"Tulifuata karatasi."

"Hizi gramu sabini. Ulipima unga ao ulipima bukari?"

"Bukari," nilisema.

Alichukua karatasi yake, ile ile niliyoitunza ndani ya daftari, akaweka ukucha wake chini kabisa, mahali ambapo pini ya kubania ilikuwa imefunika nusu ya mstari. Aliiondoa pini. Iliandikwa kwamba uzito wote wa nafaka na maharagwe ni wa chakula kabla ya kupikwa.

"Na wali?" aliuliza kwa upole.

"Uliopikwa."

"Na maharagwe?"

Nilifunga daftari langu.

"Unga sabini unatoa bukari zaidi ya mia mbili, tata. Mama alitakiwa kushiba."

Hakunikaripia. Ningalipendelea anikaripie. Nilitoka nje, na barabarani, mbele ya banda la kununulia madini, mchimbaji mmoja alikuwa anagombana na mnunuzi juu ya gunia lake. Mnunuzi alitaka kupunguza uzito kwa ajili ya maji. "Imelala juani siku tatu!" mchimbaji alipiga kelele. "Shika! Ona kama iko na mayi!" Vijana hawa wanatoka kila pembe ya nchi, wengi hawakumaliza shule ya msingi, na hakuna hata mmoja wao asiyejua kwamba gunia lililolowa si gunia kavu. Nilisimama pale nimeshika daftari langu mpaka walipopatana.

Mtaani wapo wanaosema nilimuua kwa njaa. Wapo wengine, wa huruma zaidi, wanaosema moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani na kwamba hata angekula vipi siku yake ingefika. Wote hawajui, na mimi sijui. Sitaki kuhukumiwa wala kufarijiwa kwa jambo lisilothibitishwa. Lililothibitishwa ni kwamba miezi mitano alikuwa na njaa nyumbani mwangu, aliniambia, aliuweka mkono wangu juu ya tumbo lake, na haikuwa lazima.

Jioni ile ya Jumatano sikumweleza. Nilitaka kumwonyesha. Alhamisi niliamka kabla yake, nikapima unga, gramu sabini, ukiwa mkavu. Nilisonga bukari mwenyewe, mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yetu, nikaiacha ipoe, nikaikata vipande na kuvichoma juu ya mbabula. Makaa yote yaliyokuwamo ndani yakaisha. Niliipima tena ilipoiva, kwa sababu siwezi kuacha kupima: mia mbili na kumi na nne. Nikaongeza yai lile lile, kapenta zile zile, nyanya na kipande cha parachichi. Sahani ilijaa.

Alipoketi aliitazama kwa mashaka.

"Nani mwengine anakuja?"

"Hakuna. Ni yako yote."

"Na kalori?"

"Mia nne. Zile zile."

Aliangalia bukari, akaangalia mizani iliyokuwa bado na unga pembeni, akaniangalia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba msamaha. Niliyapanga usiku kucha, la kwanza, la pili na la tatu. Hakuningoja.

"Imekunywa mayi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Aya. Keti. Usisimame juu yangu kama polisi wa barabara."

Niliketi. Alimega kipande cha kwanza, na nikausikia tena ule mlio wa ganda kati ya meno, ambao kwa miezi mitano haukuwahi kudumu kiasi cha kusikika. Alikula polepole. Alipofika nusu alipumzika, akaweka mkono kifuani, akacheka kwa haya.

"Tumbo imesahau," alisema. "Bukari ya mwanaume ni nzito."

"Ina donge?"

"Madonge mawili. Nimeyahesabu. Yaandike mu daftari."

Nilitaka kuiondoa sahani. Aliizuia kwa kidole kimoja.

"Acha hapo. Nitaimaliza pole pole. Weye enda lete makala, ili kesho unichomee tena."

Msamaha wangu ulikuwa bado mdomoni. Niliona si vizuri kuuleta katikati ya chakula. Nikaamua kwamba nitausema nikirudi. Nilichukua gunia tupu la makaa, nikavuka uwanja. Langoni niligeuka. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na nilimwona vizuri, kwa maana jua lilikuwa limeingia hadi mezani. Alikuwa ameivuta sahani karibu yake tena. Alimega kipande, akakigusisha kwenye nyanya, akakitia kinywani. Nilipofunga lango alikuwa anatafuna.