Majani ya Rweya

Enzi ya Mwingereza, mtaa wetu wa Hamugembe ulikuwa na watu wa kila namna: sisi Wahaya Walutheri, Wakatoliki waliotoka Kashozi, Waislamu wachache, na Warundi waliokuja kufanya vibarua vya kahawa wakabaki. Tuligombana kwa mbuzi na kuku, lakini chemchemi ilikuwa yetu sote. Kila Jumamosi kila nyumba ilitoa mtu wa kuizibua, na aliyekwepa alitaniwa mpaka akome.

Aliyewaita watu nyumba kwa nyumba alikuwa Mrundi mmoja, mjane asiye na mtoto, rafiki kipenzi wa mama yangu. Walikwenda pamoja rweya, ile nyika iliyo nje ya migomba, kukata majani ya kutandika sakafuni. Mimi mwenyewe nimelelewa mgongoni mwake.

Alipougua, alimwomba mama jambo moja tu: azikwe kibanjani kwetu, kwenye migomba, asipelekwe rweya kama mtu asiye na kwao. Mama akamwahidi.

Alipokufa mtaa mzima ulikuja, huyu na ndizi, yule na kuni. Kisha wakafika wazee wa ukoo, wakakataa. Kwetu kaburi ndiyo alama ya mwenye kibanja. Ukimzika mgeni, walisema, kesho ndugu zake watadai migomba.

"Ndugu gani, waitu?" mama alilia. "Hana mtu huyu!"

"Kaburi halikosi ndugu," baba mkubwa akajibu.

Baba yangu alitazama chini, asimtetee mama. Sijamsamehe mpaka leo.

Tulimzika rweya, upepo ukivuma. Jumamosi iliyofuata, Wahaya tulijikuta peke yetu chemchemini. Warundi hawakuja tena. Mzee mmoja wa Kirundi alituambia waziwazi kwamba tulikuwa tunawataka kwa jembe tu. Nasi tukaanza kukwepa, mmoja mmoja. Haikuchukua muda magugu yakafunika maji.

Mama aliendelea kukata majani, lakini aliyatandika juu ya kaburi lile, akiyapanga taratibu kama anayengoja wageni sebuleni. Nyumbani tulikanyaga udongo mtupu, na baba hakuthubutu kuuliza.

Miaka ilipopita mama naye akaugua, alituomba tumzike rweya, kwa mwenzake. Ukoo ukakataa hilo pia.