Klachi Iliyogoma Kila Alfajiri

Gari la marehemu Dadacha lilikuwa na tabia moja. Alfajiri klachi inagoma, saa sita mchana iko sawa kabisa.

Isiolo nzima ilijua kwa nini. Dadacha alikufa alfajiri.

Naitwa Mutembei. Nilikuwa fundi wake, na watu walisema mimi ndiye niliyemuua. Novemba 1978 nilimfungia silinda mpya ya klachi. Wiki mbili baadaye alikwama katikati ya lagga, ule mto mkavu wa njia ya Kinna. Gia ilikataa kuingia, na mafuriko yakamkuta humo ndani.

Sikulala vizuri tena. Kila nikifumba macho namwona anakanyaga ile pedali, na mimi ndiye niliyeifunga.

Gari liliopolewa, nikalitengeneza bure, mdogo wake Galgalo akaanza kuliendesha. Baada ya mwezi akaja gerejini saa saba mchana, macho yamemtoka.

"Mutembei, ndugu yangu bado iko ndani ya hii gari. Asubuhi nakanyaga, gia haiingii. Ni kama mtu ameshika mguu yangu."

Nikakanyaga. Laini. Gia zote zikaingia.

Nikafungua silinda. Raba za ndani za kuzuia oili, nilizoweka juzi tu, zilikuwa zimevimba. Hiyo ni dalili ya mafuta yasiyofaa, fundi yeyote anajua.

"Unaweka nini huku?"

"Wallahi, ni oili ya breki peke yake, ile uliniambia ya klachi!"

Nikaweka raba mpya. Wiki mbili, zimevimba tena.

Jamani, hapo nywele zilinisimama. Mimi ni Mmeru wa kanisa, lakini nilianza kupita mbali na lile gari.

Mwishowe nikaamua kulikabili saa yake yenyewe. Nikaenda kwao Galgalo kabla jua halijatoka, nikasimama nyuma ya zizi la mbuzi. Baridi na kimya.

Boneti ikafunguka. Polepole, bila sauti.

Karibu nikimbie. Kisha nikaona shuka. Alikuwa Mama Tache, mama yao Dadacha na Galgalo, na kikombe mkononi.

"Bismillahi," akasema, akamimina kitu ndani ya kile kikopo kidogo cha oili ya klachi.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nabariki gari. Kitu ya nyumbani lazima ipate samli. Dadacha alikuwa anafungua hapa anaipea mafuta, nikajua hapa ndiyo mdomo yake."

Samli! Inavimbisha raba. Kukiwa na baridi inaganda na kuziba tundu la oili, klachi inagoma. Jua likipanda inayeyuka, na fundi anakuta gari zima.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Si mimi! Miezi yote ile, si mimi!

Halafu nikauliza swali ambalo mpaka leo najuta kuliuliza.

"Ulianza lini?"

"Tangu anunue. Kila akisafiri." Akafuta kikombe kwa shuka yake. "Ile siku ya Kinna niliweka mingi. Ilikuwa safari ya mbali."

Galgalo akatoka nje. "Fundi, umepata shida ni nini?"

Mama alikuwa ananitazama, anatabasamu, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Nimepata," nikasema. "Ni mimi. Silinda nilifunga vibaya, tangu ile ya Dadacha."

Galgalo alinizaba kofi, na sikumlaumu.

Mama Tache nilimwambia kando kwamba samli apake juu ya boneti, baraka itashuka yenyewe. Akakubali. Nikaosha silinda, nikaweka raba na oili mpya, na klachi haikusumbua tena.

Gereji niliifunga mwaka uliofuata. Nani angeniletea gari? Miaka na miaka nimeitwa fundi muuaji, na iliniuma, sitadanganya.

Mama Tache alifariki bila kujua. Galgalo naye ametangulia. Ndiyo maana naandika leo.

Wewe unayesoma, ukipata ukweli usikimbilie kuutangaza. Tazama kwanza utamwangukia nani. Wangu ungemwangukia mama aliyempenda mwanawe, nikaona heri nibaki nao mimi.