Sauti ya Mama na Simu Nisiyoizima

Jumamosi, katikati ya Novemba. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Leo nimelia mbele ya watu kwa sababu ya simu. Niandike vile ilikuwa, bila kujipendelea.

Wiki iliyopita wifi yangu wa Malili, anayesomea kompyuta, aliniambia kifaa kikizimwa, yote yaliyo kwenye memori hupotea. Sikumuuliza zaidi. Simu yangu ina sauti ya marehemu mama akinifundisha kuanza kitako cha kiondo, kikapu chetu cha kusuka, na haipo mahali pengine. Basi sikuizima tena. Nilikuwa nikiichajisha kwa jirani mwenye sola. Hata kanisani nilienda nayo ikiwaka, ikalia katikati ya maombi.

Leo ilikuwa zamu ya shamba letu. Kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuja kutuchimbia matuta, wifi naye akaja kusaidia. Tulipopumzika nikatoa simu mfukoni. Kioo cheusi. Chaji imeisha. Nikaketi kwenye udongo nikalia.

"Haki, nani amekufa?" mmoja akauliza.

"Ni simu imekufa," mwingine akajibu. "Tuambiwe matanga ni lini!"

Wakacheka. Siwalaumu, hawakujua.

Nilipomweleza wifi, alishika kichwa. "Ai, wifi! Hiyo sauti haiko kwa memori, iko kwa storeji."

"Si yote ni ndani ya simu?"

"Ni ndani, lakini kazi ni mbili. Ukichambua mbaazi, si unamwaga kiasi kwa uteo? Uteo ndio memori, ile kazi simu inafanya sasa hivi. Ikizimika, uteo unakung'utwa. Lakini gunia liko nyumbani, halijaguswa. Hilo ndilo storeji."

Nilielewa nusu, sijui kama hata hiyo nusu ni sawa. Akachomeka pawabenki yake, tukangoja. Simu ikawaka. Nikabonyeza.

"Usivute hivyo, utakikunja," mama akasema.

Wale waliocheka wakasogea karibu. Mmoja wao alikuwa akisuka na mama zamani. Akajipangusa uso kwa leso, akasema, "Ni yeye kabisa."

Wifi hakunidanganya. Alisema memori, mimi nikadhani ni simu nzima. Pengine mwingine angeuliza.

Jioni nimeizima mwenyewe, kisha nikaiwasha. Mama yuko. Nikaizima tena, nikaiacha chumbani, nikaenda jikoni kwa wenzangu. Tumekula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na kunde, wifi akaongeza mara mbili.