Laptop ya Nyimbo za Jumapili

Kila Jumapili laptop ya mama ndiyo iliyorusha maneno ya nyimbo ukutani, katika kanisa letu la Kinoo. Ilikuwa imechoka. Waumini walimaliza ubeti kabla haujatokea. Mwalimu wa kwaya akasema ikizidi tutarudi vitabuni, na mama, aliyejifundisha kutumia projekta akiwa tayari ana wajukuu, akaibeba laptop kifuani mpaka nyumbani. Fundi mmoja mjini niliyempelekea aliitazama akasema, "Hii ni ya spea tu, siste."

Nikaamua kuiwekea Linux, mfumo wa bure usiolemea kompyuta kuukuu. Sikuusomea, nilichojua nilikiokota kwenye video. Niliupakia kwenye flashi, nikaichomeka, na laptop ikaamka kama mche ulionyeshewa. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna nyoka.

Lakini mfumo ulikuwa ukiendeshwa kutoka kwenye flashi tu. Ili uingie ndani kabisa, ilibidi nibonyeze kitufe ambacho kingefuta kila kitu. Nyimbo za mama, alizozichapa kwa vidole viwili, nilikuwa nimezinakili kwenye simu, kwenye barua pepe na kwa binamu yangu wa mtaa wa Mountain View. Hata hivyo, kila nilipokifikia kile kitufe niliogopa, nikarudi kupanga rangi za skrini. Ndivyo nilivyo: kitu kikikaribia kuwa kamili, sikimalizi. Mama sikumwambia kwamba laptop bado inaitegemea flashi.

Jumapili, ubeti wa kwanza ulitokea papo hapo. Mama akanikonyeza. Kisha mwimbaji wa besi akaja akinong'ona kwamba anahitaji flashi ya kuwekea wimbo wa kwaya, na mama akaiona moja palepale, imechomekwa kwenye laptop.

"Mum, usitoe hiyo!"

"Kwani inafanya nini?" Tayari ilikuwa mkononi mwake.

Skrini ikaganda. Mwalimu wa kwaya, macho ukutani, akaurudia ubeti wa kwanza. Watu wakaitikia. Akaurudia tena, sasa kwa makofi. Akina mama wakatoka vitini wakicheza, mchungaji akavua koti. Nilijikunja nyuma ya projekta. Kando yangu mama alitetemeka, nikadhani analia.

"Wanafikiri ni Roho," akaninong'oneza, akifuta machozi ya kicheko. "Kumbe ni wewe."

Ibada ilipokwisha nilimweleza yote. Akavaa miwani.

"Nyimbo ziko salama?"

"Ziko pahali patatu."

"Patatu! Hata Biblia sina nyingi hivyo." Nikaichomeka flashi tena, na kile kitufe akakibonyeza mwenyewe. Mimi nilifumba macho.

Tulikula mandazi tukingoja. Hatimaye tukaichomoa flashi, tukaiwasha laptop upya, ikawaka yenyewe. Niliporudisha nyimbo kutoka kwenye simu, mama alikimbia mlangoni.

"Mwalimu! Kuja! Taja wimbo wowote!"

Mwalimu wa kwaya akarudi, akaketi kiti cha mbele, akakunja mikono kama mtahini. Hakumaliza kutaja namba. Beti zote zilikuwa ukutani, na mama amesimama kando yake akipeperusha miwani kama bendera.