Mshipi wa Watu Wawili

Zamani mtu alivua kaa kwa mshipi, kichwa cha samaki na mke; siku hizi anavua kwa mtego wa kukunja, peke yake, macho kwenye simu, na hayo yanaitwa maendeleo.

Nawaeleza wasiojua. Mshipi wa kaa hauna ndoana. Unafunga kichwa cha samaki, unakishusha hadi chini, unangoja. Kaa akikishika kwa gando unamvuta taratibu, na kwa uroho wake haachii. Lakini akikaribia juu akaona mwanga, anaachia. Kwa hiyo lazima mtu wa pili awe ameshapitisha wavu chini yake. Mmoja anavuta, mwingine anakinga. Peke yako huwezi. Mimi nimejaribu tangu nifiwe na mke wangu, na kaa wa ghuba yetu wamenenepa kwa vichwa vyangu vya samaki.

Mahodari wa kazi hiyo pale gatini walikuwa Fundi Saa na mkewe. Mume alitengeneza saa katika kibanda nyuma ya posta, chenye upana wa kitanda, na mke aliuza vifungo na zipu upande wa pili wa meza ileile. Saa zilipohamia kwenye simu, Fundi akabaki kubadilisha betri. Watu walipoacha kushonesha nguo, mama akabaki kuwauzia zipu washona mabegi. Hawakulalamika, kulalamika waliniachia mimi. Jumamosi walifunga mapema, wakaja ghubani na ndoo moja. Hawakuuza kaa hata mmoja. Ilikuwa starehe yao, kama wengine wanavyokwenda mpirani.

Ugomvi uliletwa na wema. Mtoto wao wa pekee, mhasibu katika mji ulio mbali na bahari, alijenga nyumba akawatengea chumba. Mama alitaka kwenda. Alikuwa na wajukuu aliowajua kwa picha tu. Fundi akasema yeye si sanduku la kuwekwa chumbani kwa watu. Mama akasema hakuzaliwa ili azeeke na zipu. Fundi akamwambia mlango uko wazi. Hilo neno la mlango ndilo lililoharibu mambo, kwa sababu baada ya hapo hawakusemeshana tena.

Hawakununiana kwa kelele. Chakula kikiwa tayari, mama alizima redio. Fundi akitaka chumvi, aliitazama mpaka isogezwe. Lakini kaa hangojei watu wapatane. Jumamosi Fundi alikaa kwenye kreti lake pembeni mwa gati, mkewe akasimama nyuma ya bega lake la kushoto na wavu, na hapo maneno yalitoka: "Vuta." "Bado." "Bado." "Haya." Ndoa yao ya wiki nzima ilikuwa hiyo, na nimeona nyingine zenye maneno mengi zaidi zikiwa na hali mbaya kuliko hiyo.

Siku moja Fundi alipokwenda kutafuta chambo, nilimwuliza mama mbona hajaenda kwa mwanawe, ikiwa mlango uko wazi. Alikuwa anakung'uta wavu.

"Nikienda, nani atamkingia?" alisema. "Wewe mwenyewe hujiwezi, jirani."

Kisha mtoto akaja likizo. Ni kijana mwema, na hapo ndipo pana tabu. Alimwona mama yake akiinama na wavu huku ameshika kiuno, na kesho yake akaleta zawadi: mtego wa nyavu na waya, unaokunjwa kama mwavuli. Akatueleza kwamba chambo kinakaa ndani, kaa anaingia kwa kimlango, kimlango kinajifunga, na mvuvi anakunywa chai yake. Sasa baba anaweza kuvua peke yake, akasema. Akamgeukia mama akicheka: "Kwa hiyo huna kisingizio tena."

Fundi aliukunja mtego, akaukunjua, akasema umetengenezwa vizuri. Mama alitazama maji. Ikaamuliwa kwamba mwisho wa mwezi mtoto atamfuata kwa gari. Fundi hakupinga. Asingeweza kupinga bila kumsemesha mtu asiyesemeshana naye.

Mama akabaki nyumbani kufunga mizigo, na Fundi akawa anakuja na mtego wake. Nilikuwa karibu, nikaona yote. Kwanza alijaribu kuuharibu. Alikaa na koleo lake dogo akilegeza springi ya kimlango, na alipomaliza kimlango kilifunga vizuri kuliko kilivyotoka dukani. Mkono ukishazoea kutengeneza, haujui kazi nyingine. Akajaribu kuushusha bila chambo. Kaa wakaingia vilevile. Nadhani mmoja aliingia kwa bahati mbaya, na wengine wakadhani kuna kinachogawiwa. Mwishowe akakata tamaa. Akawa anawavua kama kawaida, anawarudisha majini, kisha anakwenda nyumbani na ndoo tupu na kuipitisha polepole mbele ya jiko.

Nilimshauri amwambie tu mkewe asiende. Akanikumbusha kwamba hawasemeshani.

Jumamosi iliyotangulia safari, mama alitokea gatini bila wavu. Alimkuta mumewe ameinua mtego, anaumimina baharini.

"Unafanya nini, mzee?"

Lilikuwa swali la kwanza kwa muda mrefu, na halikuwa na jibu zuri.

"Wadogo," Fundi akasema.

Mama akamwokota mmoja aliyebaki kwenye mbao, akamshika kwa nyuma ya gamba, mpana kama sahani. "Huyu mdogo?"

"Umri wake mdogo."

Mama akamtupa kaa majini. "Mimi nafunga begi, nafungua, nafunga, kwa ajili ya hiyo ndoo yako. Nasema nikimwacha huyu atakufa njaa. Ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka usiende."

"Si ungesema?"

"Nimesema."

"Umesema sasa hivi." Akakaa kwenye kreti, akamwacha mumewe amesimama. "Nitaenda. Wale watoto nataka niwashike kwa mikono yangu. Lakini mimi sikusema naenda peke yangu. Wewe ndiye uliyeleta habari za mlango."

Fundi aliukunja mtego kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetengeneza saa ya mteja mkorofi. Akauliza kama huko wanakokwenda kuna maji. Mama akamjibu kwamba kuna bomba. Fundi akalifikiria bomba kwa muda. Kisha akauliza kama hicho chumba kina dirisha, na mama akasema watakwenda kuangalia.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa mbele ya kibanda, ambacho kilikuwa kimekwisha kupangishwa kwa muuza makava ya simu. Mtoto wao alimweka baba kiti cha mbele, kwa heshima ya uzee. Fundi akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwambia mkewe asogee. Gari lilipita taratibu pale niliposimama, vioo vimeshushwa, nikainua mkono. Hakuna aliyeniona. Mama alikuwa anasema wamechelewa kuondoka, na Fundi alikuwa anamweleza kwa nini kosa si lake.