Nilivyompeleka Akinyi kwa Mkorea

Mimi ni nesi, na kina mama wa kanisa letu hapa Dallas huniita daktari, nami sikatai. Rafiki yangu Akinyi alipoanza kuchemsha mitishamba ya Mkorea ili apunguze uzito, nilimcheka mbele ya kwaya nzima: "Hiyo ni supu ya mizizi! Mimi nameza tembe za hospitali, nimepungua kisayansi."

Jumamosi gari lake likaharibika, akaniomba nimpeleke mji jirani wa Carrollton, kwa yule mama Mkorea, kuchukua dawa. Tulipofika nilikataa kushuka. Nikalaza kiti, nikajifanya nimesinzia.

Mama Mkorea akatoka naye, akalitambua gari langu, akagonga dirisha kwa furaha, mfuko mkononi: "Sista, na dawa yako ya mwezi wako wa tatu iko tayari!"

Akinyi akaniangalia weee, kisha akasema, "Kumbe hata sayansi huchemshwa."