Krismasi Niliyoihama Kwaya ya Baba

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo pale Nyakato, lakini ukimuulizia mtaani ulionyeshwa nyumba ya mwalimu wa kwaya. Alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri tangu enzi za babu yake, na nyimbo za Krismasi alizijua kwa do-re-mi kabla hajazijua kwa maneno. Novemba ikianza tu, alibandika karatasi ya noti ukutani juu ya meza ya chakula, nasi tukala ndizi zetu huku macho yetu yakiwa ukutani.

Wimbo alioupenda kuliko yote ni ule wa zamani wa wachungaji waliokuwa makondeni na mifugo yao. Kiswahili chake kilikuwa kigumu, kimejaa maneno ambayo hatukuyasikia popote ila kanisani. Mama aliimba sauti ya kwanza, baba ya nne. Mimi, nilipofika miaka tisa, alinipanga sauti ya pili.

"Ya kwanza kila mtu anaiweza," aliniambia. "Ya pili inataka mtu mwenye masikio. Msikilize mama yako, lakini usimfuate."

Ilinichukua Desemba mbili kuacha kumfuata mama.

Kisha kiwanda kikaanza kulegea. Mitumba ilikuwa imejaa kila soko la Mwanza, na vitenge vyetu vikabaki ghalani. Siku moja baba alirudi saa nne asubuhi, ovaroli yake ameikunja ndani ya gazeti.

"Mbona mapema?" mama akauliza.

"Wamesimamisha mashine za kufuma."

"Mpaka lini?"

Alikwenda nje akanawa mikono, ingawa haikuwa na grisi siku ile.

Walipunguzwa wengi, na majirani wetu kadhaa wakafunga mizigo wakarudi kwao. Sisi tulibaki kwa sababu mama alianza kuuza nguo, na nguo zenyewe zilikuwa mitumba. Baba hakumlaumu hata mara moja. Lakini hakuivaa. Nyakati nyingine aliokota shati kwenye rundo, akalisugua kati ya vidole viwili, akasema, "Hii pamba ni nzuri," kisha akalirudisha taratibu lilipokuwa.

Kwaya ndiyo iliyombakia. Alikuwa akifika mazoezini saa nzima kabla ya wenzake, akafagia, akapanga mabenchi, akaketi kusubiri watu ambao kila mwezi walizidi kupungua.

Nilikuwa kidato cha tatu usharika uliponunua kinanda cha umeme na spika mbili ndefu kama kabati. Likaundwa kundi la vijana, na mwalimu wao alikuwa kijana aliyetoka Dar es Salaam, anayecheza huku anafundisha. Walishonewa majoho ya zambarau yanayong'aa. Ningependa kusema nilivutwa na marafiki, lakini si kweli. Nililitaka lile joho. Nilitaka kuimba mahali ambapo watu wanapiga vigelegele.

Nilimwambia mama kwanza. Akasema, "Kamwambie mwenyewe."

Baba alikuwa mezani ananakili noti kwa penseli.

"Baba, Krismasi hii nitaimba na vijana."

Aliendelea kuandika mpaka akamaliza mstari. "Wamekupa sauti ya ngapi?"

"Hawagawi sana sauti. Wengi tunaimba ya kwanza."

"Aa." Akapuliza vumbi la penseli kwenye karatasi. "Basi imba vizuri."

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Tuliimba nyimbo tatu na watu wakainuka kucheza nasi. Kwaya ya baba ilipangwa baada ya sadaka, wakati kina mama wengi walikuwa wameanza kutoka kuwahi majiko yao. Walisimama wazee tisa, mama miongoni mwao. Kinanda hakikuzimwa, kikawa kinanguruma chini kwa chini. Baba aligonga kile kichuma chake cha kupatia sauti, akakiweka sikioni, akawapa do.

Waliimba ule wa wachungaji. Sikuwahi kuusikia nikiwa nimeketi. Wanawake wawili walioimba nami sauti ya pili walikuwa wamesharudi Bukoba na waume zao, na bila sauti ile wimbo ulikuwa kama nyumba iliyoondolewa ukuta mmoja. Katika ubeti wa pili kuna mahali ambapo sauti tatu zinatulia, na ya pili inashuka peke yake, noti tano. Baba alipofika pale aliinua mkono wa kushoto kuelekea mahali nilipozoea kusimama. Pale hapakuwa na mtu. Wazee wakashikilia noti yao. Mkono ukabaki juu mpaka noti tano zikapita kimya, ndipo akaushusha na kuendelea.

Nilikuwa benchi la nne. Ningeweza kuimba palepale nilipokuwa, kila mtu angenisikia. Nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani nilimsubiri akasirike. Alikula wali, akaomba aongezewe mchuzi, akasema, "Vijana mmeimba kwa nguvu."

Machi, Jumanne moja, alianguka bombani akichota maji. Alifikishwa hospitali akiwa hasemi, na siku ya tatu akafariki. Wakasema ni presha.

Tulimsafirisha kwa meli kwenda kuzikwa kwao. Alasiri, jeneza likisubiri kupakiwa, wale wazee walikuja bandarini na nguo zao za kwaya. Mmoja wao akasema waimbe wa wachungaji.

"Huo ni wa Krismasi," mwenzake akamnong'oneza. "Sasa ni Kwaresima."

"Ndio aliotufundisha vizuri."

Wakaanza. Wapagazi walisimamisha mikokoteni, na abiria waliokuwa na vikapu vya dagaa wakavua kofia. Ubeti wa pili ulipofika niliimba zile noti tano. Sikukosea hata moja. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zake zikaniumiza.

Kwa miaka mingi sikumwambia mtu habari ya benchi la nne. Nilikuja kumwambia mama nikiwa na watoto wangu, adhuhuri moja tukichambua maharage uani.

"Mama, siku ile ya Krismasi ningeweza kuimba palepale nilipokaa."

"Alijua," mama akasema bila kuinua uso.

"Alijua?"

"Tulizungumza jioni ile. Alisema angeshangaa kama ungeinuka. Alisema msichana wa miaka kumi na sita, na joho lile, wenzake wangemcheka mpaka shule zifunguliwe. Hakukushikia kinyongo, kama ndicho kinachokusumbua."

Nililia kidogo, kwa nafuu nadhani. Mama aliniacha nikamaliza. Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Lakini mimi nilitaka uinuke," akasema. "Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikauona ule mkono ukikungoja. Mpaka leo natamani ungeinuka."